Imeandikwa: Sikumwita Mwalimu Mkuu Kipara

Naanza na masahihisho, maana ile video aliyoirekodi shoga yangu leo kwenye ibada ya kufungua shule, nilipopewa zamu ya kusoma neno, imeshafika kwa watu ambao kanisani kwetu hawajawahi kukanyaga. Mchana huu shemeji yangu kanipigia simu, salamu hakuna, ananiuliza tu, "Dubu wanaendeleaje?" Kwa hiyo wacha niseme mwenyewe ingali moto, kabla habari haijaota mikia.

Sikumwita mwalimu mkuu kipara. Nilisoma Neno la Mungu kama lilivyoandikwa, na kipara kilikuwemo humo humo kabla sijazaliwa. Sikuzimia. Nilikaa chini. Sakafuni, sawa, lakini kwa miguu yangu mwenyewe. Na sikuwaombea watoto wa watu wararuliwe. Hilo la mwisho nawaachia mpime wenyewe, kwa sababu maneno yaliyonitoka yapo kwenye video na siwezi kuyakana. Ila nia, jamani, nia Mungu anaijua.

Mnajua ibada ya kufungua shule inavyokwenda. Watoto wanakuja na sare na mabegi, walimu wanaitwa mbele, linasomwa neno la kutia moyo, watu wanaombewa, tunatawanyika. Na neno lenyewe ni lile lile kila muhula. Anasimama mtu anasoma Yoshua 1:9, uwe hodari na moyo wa ushujaa. Asiposoma hiyo, anasoma Mithali 22:6, mlee mtoto katika njia impasayo. Mistari mizuri, sibishi, nimeishi kwayo. Lakini nilipoambiwa safari hii zamu ni yangu, mimi niliye mzazi na mwalimu kwa wakati mmoja, kichwa kikavimba. Nikasema leo hawa watapata kitu kipya.

Nikaenda kwa Elisha.

Kabla hamjacheka nisikilizeni, maana hoja yangu ilikuwa nzito na bado naisimamia. Hakuna nabii aliyehangaika na mambo ya shule kama Elisha. Alikuwa na wale wana wa manabii, wanafunzi wake kabisa, wanakaa pamoja na kula pamoja. Fungua 2 Wafalme 6 uwasikie wakilalamika kwamba mahali wanapokaa hapawatoshi, waruhusiwe waende Yordani wakakate miti wajenge. Huo ni msongamano darasani, karne ya 9 kabla ya Kristo! Wamefika mtoni, mmoja anakata mti, chuma cha shoka kikachomoka kikatumbukia majini, naye akapiga yowe kwa sababu lilikuwa la kuazima. Kama mtoto wako hajawahi kupoteza kitu cha watu shuleni, njoo utoe ushuhuda. Rudi sura ya 4: kuna njaa, wanafunzi wanapikiwa, mtu mmoja kaenda kondeni kachuma matango-mwitu asiyoyajua, kayakatia chunguni. Wameonja tu, kelele, mna mauti humu! Elisha akaagiza unga, akautia, chakula kikalika. Ni mwalimu gani wa zamu hajawahi kupata wiki ya namna hiyo?

Lakini nilichokitaka mimi ni mwanzo wa hiyo sura ya 4, mistari ile 7 ya kwanza. Mjane wa mmoja wa hao wana wa manabii. Mume amekufa na kuacha deni, mdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa, na ndani ya nyumba hakuna kitu ila chupa ya mafuta. Elisha anamwambia aende kwa majirani akaazime vyombo vitupu, wala asiazime vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mama anamimina, watoto wanamsogezea vyombo. Anasema nileteeni kingine, wanamwambia hakuna tena, na hapo ndipo mafuta yakakoma. Akauza, akalipa deni, kilichobaki wakaishi nacho.

Nani asiyeijua ile wiki ya kufungua shule? Karatasi ya mahitaji iko mkononi, ada haijatimia, viatu vilivyomtosha mtoto mwanzo wa likizo vimegoma. Nilijua nikiisoma hiyo habari kina mama watalia. Nilikuwa nimeshapanga hadi mahali pa kunyamaza kidogo ili walie vizuri.

Sasa tuje kwenye Biblia yangu. Ni ile ndogo ya mkobani, herufi zake mpaka ukunje uso. Mistari yangu niliipigia penseli, nikalaza utepe mwekundu pale pale, nikaifunga, nikaiweka mezani na kulala usingizi wa mtumishi aliyemaliza kazi.

Miwani sikwenda nayo. Ilikokuwa nimekujua jioni hii, usoni kwa mwanasesere wa binti yangu, lakini kanisani nilichojua ni kwamba nimeupekua mkoba mpaka chini na kwaya iko ubeti wa mwisho. Shoga, huyu huyu mtangazaji, akavua yake. "Chukua, ni ya kusomea." Kweli ni ya kusomea, ila kwa macho yake. Nilipoivaa, herufi zikawa zinanijia kubwa kisha zinaondoka. Nilichokiona bila taabu ni ule mstari wa penseli. Nikajisemea yatosha, pa kuanzia napaona, mengine nayajua kwa moyo.

Niwaeleze na watu walivyopangwa pale mbele, vinginevyo hamtanihurumia inavyostahili. Watoto wadogo wamekaa sakafuni, mabegi mapajani. Wakubwa wamesimama pembeni wakijifanya hawapo. Walimu wamepanga mstari mkono wangu wa kulia, na katikati yao mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu wangu mimi, anayetia sahihi karatasi zangu. Mzee wa kanisa, mtaratibu, suti ya kijivu, mikono nyuma. Na juu yake moja kwa moja, taa. Sijui fundi aliyeifunga alikuwa anawaza nini. Taa moja, kichwa kimoja, wala hapana unywele wa kuizuia nuru.

Nikafungua kwenye utepe. Penseli ile pale. Nikakohoa kile kikohozi cha wahubiri.

"Wapendwa, tusome habari za mtumishi wa Mungu Elisha, tuone jinsi Mungu anavyojishughulisha na watoto wetu."

Jinsi Mungu anavyojishughulisha na watoto wetu. Nilisema hivyo kwenye maiki. Msinikumbushe.

"Akakwea kutoka huko mpaka Betheli..."

Mtaniuliza, mwalimu, hukushtuka? Mjane yuko wapi? Nilishtuka kidogo. Nikadhani nimeanzia juu kidogo, Elisha ndiyo kwanza yuko njiani, sasa hivi atabisha hodi kwa mjane. Nikaendelea kwa imani. Wakatoka vijana katika mji. Vizuri, nikawaza, vijana, wanafunzi hao, tunakwenda vizuri. Nikainua macho nikawatabasamia watoto. Nao wakanitabasamia. Nikarudi kitabuni: vijana wanamfanyizia mzaha. Nadhani mgongo ulishapata habari hapo, maana ulianza kutoa jasho, ila mdomo ulikuwa bado. Mdomo wa mwalimu una ugonjwa wake. Ukishaanza sentensi mbele ya watoto huwezi kuikatisha, watakugeuka. Basi mdomo ukaenda mbele, na kwa kuwa mimi nikiwasomea watoto huwa naigiza, ukaenda kwa sauti ya wahuni wa Betheli:

"Paa wewe mwenye upaa! Paa wewe mwenye upaa!"

Na mkono, jamani. Kwenye "wewe" nilinyoosha mkono. Sikuulenga popote. Ulikwenda wenyewe, na huko ulikokwenda ndiko alikokuwa amesimama.

Kikashuka kimya, kile cha darasa lililosikia kioo kikivunjika na kila mtu anasubiri mwalimu ageuke. Mwalimu mkuu hakutikisika. Taa nayo haikutikisika. Nikayaona macho ya watoto wa mbele yakiondoka usoni kwangu, yakateremka bega, yakaufuata mkono mpaka kidoleni, yakavuka, yakampata, yakampanda taratibu kuanzia tai hadi kidevu, hadi paji la uso, yakafika juu yakatua. Safu ya pili yupo bibi mmoja ambaye masikio yake siku hizi yanachelewa. Akamuuliza jirani yake, kwa sauti ya mtu asiyejisikia, "Amesemaje?" Na jirani, ambaye naye hasikii, akamjibu vivyo hivyo:

"Anasema kipara!"

Nyie mnaoanza kutuma vicheko, subirini. Dubu hawajafika.

Ningeweza kuacha pale. Nimeliwaza hilo tangu nitoke kanisani. Funga Biblia, sema tuimbe, watu wanaimba, maisha yanaendelea. Lakini niliona nikiacha hapo, neno la kutia moyo la muhula mzima litakuwa upaa. Nikisonga mbele huenda mjane akatokea akaniokoa. Hamjui nilivyomtafuta yule mama. Nilisoma mbio nikimtafuta. Akatazama nyuma, akawaona, akawalaani kwa jina la BWANA. Mtoto mmoja mbele yangu aliyekuwa anatafuna mkanda wa begi akautoa mdomoni. Na sauti yangu, badala ya kushuka, ikapanda: wakatoka dubu! Wawili! Wa kike! Mwituni!

Idadi ya walioraruliwa niliiona kwa miwani ya shoga bila kukodoa. Vijana 42. Hilo ni darasa zima pamoja na kiranja.

Mstari unaofuata Elisha anakwenda zake mlima Karmeli, kisha anarudi Samaria. Basi. Maelezo hakuna, kikao cha wazazi hakuna. Penseli nayo ikaishia hapo.

"Hilo ndilo Neno la Bwana," nikasema, kwa sababu ndivyo tunavyosema.

Na walimu wakaitikia, "AMINA!"

Mkesha wa mwaka mpya haujawahi kutoa amina ya namna ile. Mwalimu wa darasa la kwanza aliirudia peke yake wenzake walipokwisha kunyamaza.

Mtu mwenye akili angerudisha maiki. Yangu ilikuwa imeshaondoka na Elisha kwenda Karmeli. Macho yakatafuta pa kushika, yakaiona karatasi yangu ya hotuba, niliyoiandika kwa herufi kubwa kwa kuwa najijua. Nikaanza kuisoma kama ilivyo. Kumbukeni iliandikwa kwa ajili ya mjane na mafuta.

"Wazazi wapendwa, walimu wapendwa, mmesikia wenyewe. Hivi ndivyo Mungu wetu anavyoingilia kati mambo ya watoto wetu."

Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Hakuchelewa. Wala hakutoa kwa kipimo kidogo."

Shoga alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu angedhani anasali. Alikuwa anatafuta kitufe cha kurekodi.

"Labda umekuja hapa leo umekata tamaa, unajiuliza, muhula huu nitaupitaje? Nakuambia, aliyetenda wakati ule atatenda na kesho."

"AMINA!" Walimu tena.

Hapo mtoto mmoja mdogo wa kiume akainua mkono. Kwa adabu, kimya, kiwiko kimenyooka, kama tunavyowafundisha. Nami nikamruhusu. Mnaniuliza kwa nini nilimruhusu! Mwalimu akiona mkono uko juu ataita, hata akiwa anazama.

"Mwalimu, hao dubu watakuja shule yetu au wataenda zile zingine?"

Nikageuka nyuma kumtafuta mchungaji aniokoe. Mchungaji amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanaruka, na mama mchungaji anampigapiga mgongoni huku yeye mwenyewe ameugeukia ukuta. Nikajua nimebaki na Mungu peke yake, na Mungu mwenyewe nimeshamweka mahali pagumu.

Nikasema tuombe. Wakifumba macho, nikawaza, angalau wataacha kumtazama mwalimu mkuu. Bahati mbaya sala nayo ilikuwa kwenye karatasi.

"Bwana, yale uliyoyafanya kwa ajili ya mtumishi wako Elisha, yafanye na kwa ajili ya walimu hawa. Kesho asubuhi, kabla kengele haijalia, watoto wote wauone mkono wako."

Haya, hiyo ndiyo sentensi iliyoko kwenye video. Ilikuwa inahusu mafuta! Mafuta, vyombo, majirani! Kabinti ka mbele kakaanza kulia. Nikainama kukatuliza, miwani ikateleza puani ikaanguka, na mwalimu mkuu, ambaye kwa wema wake alikuwa ameondoka mstarini kuja kunisaidia, akaikanyaga. Nikasikia ile "krak". Nikapiga yowe kwenye maiki:

"Ole wangu! Ni ya kuazima!"

Wajuzi mtakumbuka hayo ni maneno ya yule aliyepoteza shoka, 2 Wafalme 6:5. Nilikuwa nimeyaandaa kwa sehemu ya pili ya hotuba. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Yaliyobaki nayapitia mbio. Mchungaji alipata pumzi, akasoma Yoshua 1:9, na sikujua mstari ule unaweza kuwa mtamu kiasi kile. Watoto wakaombewa. Nikatokea mlango wa kwaya. Nje nikadakwa na mwalimu wa darasa la kwanza, kanishika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, anasema miaka yote anayoitwa mbele kuombewa hajawahi kutiwa moyo kama leo. Mwenzake akasema kila akisoma Yakobo 3:1, pale tunapoambiwa tusiwe walimu wengi kwa kuwa hukumu yetu itakuwa kubwa zaidi, alikuwa anadhani Biblia haiko upande wetu. Leo ameona. Baba mmoja ameniandikia kwamba wanawe wamefika nyumbani wakampita kila mtu, wakaenda kumwamkia babu yao mwenye upara, na mpaka jioni hii bado wanamwamkia.

Mhusika mkuu wa mkasa huu anaishi kwangu na ana miaka 11. Likizo nzima nimeimba wimbo mmoja: soma sura moja ya Biblia kabla hujashika simu. Nikidhani ananipuuza. Kumbe anasoma, tena kwenye Biblia yangu. Kafika kwa dubu, kapigia penseli, kahamisha na utepe ili awaonyeshe wenzake. Nimemuuliza kwa nini hakuurudisha ulipokuwa. "Mama, kwako palikuwa na mafuta tu." Mafuta tu! Sasa nielekezeni, wazazi wenye uzoefu, mtoto anaadhibiwaje kwa kosa la kusoma Maandiko?

Na nyie kina mama mliokuja na mizigo yenu ya kweli mkarudi nyumbani na dubu, sura ya 4 ipo, haijaondoka, isomeni usiku huu. Wenye watoto wa bweni, mlio na sanduku hapo mlangoni na hamtaki kulitazama, ongezeni na 1 Samweli 2:19. Hana alimwacha Samweli kule Shilo akiwa mdogo, na kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Mimi hiyo kanzu huwa inanisumbua. Kila mwaka yule mama alikaa na kitambaa mapajani akikisia mabega ya mtoto asiyemwona yameongezeka kiasi gani. Akikosea inambana mwaka mzima. Hilo ndilo nililokuwa nimeliweka akiba kwa ajili ya mwisho. Halikupata nafasi, kulikuwa na mambo.

Shoga, miwani yako nitaitengeneza mwisho wa mwezi. Futa ile video kwanza ndipo tuongee kuhusu fremu.

Sasa hivi nikiwa naandika haya simu imelia. Mwalimu mkuu. Nimeitazama mpaka ikakata. Ukaja ujumbe: "Mwalimu, pole na ya leo. Naomba lile andiko, sura na mistari. Kesho kwenye paredi nitalisoma mwenyewe."

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena: 2 Wafalme 2:23-24.

"Asante, ubarikiwe," akajibu. Halafu ukaingia mwingine.

"Kofia sitavaa."